Bingwa wa Kona ya Mwatate

Kwa wakazi wote wa mji wa Voi, kuanzia Birikani hadi Kaloleni. Kwa ndugu zetu wa milimani, Chawia na kwingineko. Kwa majirani wa Mata wanaochungulia mpaka. Na kwa ndovu wote wa Tsavo wenye masikio ya kutosha: mnatangaziwa rasmi kwamba bingwa amerejea. Baada ya kimya cha robo karne, Rashid bin Fuad, simba wa lami, mtu ambaye hakuwahi kuachia gesi mbele ya kona yoyote, ameshika tena usukani. Barabara zote za dunia zinaombwa zijiandae.

Tangazo hilo niliandika mimi, Nuha, binti yake, na nikalisoma nikiwa nimesimama juu ya stuli sebuleni kwetu, leso ya Mama mabegani kama joho la jaji. Hadhira ilikuwa ya watu wawili. Mmoja, Mama, alikuwa amesinzia. Wa pili, kaka yangu Fuad, alikuwa ananirekodi kwa simu ili anidhalilishe baadaye. Usukani wenyewe ulikuwa padi ya plastiki yenye vitufe, na barabara zote za dunia zilikuwa ndani ya televisheni. Bingwa alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kochi, kikoi kiunoni, anabonyeza kitufe cha duara kwa bidii, na kila alipobonyeza mashine ilimrudisha mwanzo.

"Imekataa tena," akasema Baba.

"Ni kitufe cha msalaba, Baba," Fuad akamwambia. "Duara ni kurudi nyuma."

"Duara ni kukubali. Duara imekuwa kukubali tangu kabla hujazaliwa."

Hapo ndipo inabidi niwaeleze kuhusu Mzee Kimeu na diski yake.

Zamani, Baba alipokuwa kijana na nywele, palikuwa na kibanda nyuma ya soko la Voi, cha mabati, chenye joto la kuivisha mkate. Mwenye kibanda alikuwa Kimeu, mfanyabiashara wa mitumba ambaye safari moja alirudi kutoka Mombasa na robota la suruali, televisheni ndogo na mashine ya gemu. Mashine ilikuja na diski moja tu, gemu ya mbio za magari iitwayo Velodra. Si zile mbio za kitoto za kurushiana ndizi. Hii ilikuwa ya kweli: gari lina uzito, matairi yanachoka, ukiingia kona vibaya unaishia ukutani na hakuna anayekuhurumia. Tatizo lake lilikuwa moja. Maandishi yote, kila neno, yalikuwa ya Kijapani.

Hakuna mtu Voi aliyejua Kijapani. Aliyemuuzia Kimeu alimfundisha njia kwa vidole: duara, chini, chini, duara, na gari litatokea. Kimeu akawafundisha vijana hivyohivyo. Duara, chini, chini, duara. Walijifunza kwa moyo kama tunavyojifunza jedwali la kuzidisha, na hakuna aliyethubutu kubonyeza kitu kingine, kwa sababu mvulana mmoja wa Kasigau alibonyeza pembetatu na mashine ikakaa na picha nyeusi siku nzima. Kimeu alimfukuza. Inasemekana bado hajasamehewa.

Kwa kuwa majina ya Kijapani hayakusomeka, waliyapa magari na barabara majina yao. Gari jekundu liliitwa Bibi Harusi. Gari jeupe liliitwa Daktari. Barabara ndefu iliyonyooka iliitwa Maktau, na pale mwisho wake inapokunja ghafla kushoto, mahali palipowashinda madereva wengine wote, paliitwa Kona ya Mwatate. Sheria ya kibanda ilikuwa fupi: anayeshindwa anainuka. Baba alikuwa anakaa hata makalio yanakufa ganzi. Vijana walisimama nyuma yake wakimwangalia kidole gumba cha kulia, kwa sababu kile kidole, karibu na Kona ya Mwatate, hakikuwahi kuondoka kwenye kitufe cha gesi. Wengine wote walikuwa wanapunguza mwendo kama watu wenye wazazi. "Rashid haachi gesi," walikuwa wanasema, na jina hilo likamfuata mpaka alipopata leseni na lori la kweli.

Hadithi hizi nimezisikia tangu utotoni. Naweza kukisimulia kile kibanda, lile joto, sauti ya Kimeu akikataza watu kutafuna miwa juu ya padi, kama mtu aliyekuwepo. Ni ajabu kutamani mahali ambapo hujawahi kufika, tena mahali penye harufu ya soksi.

Sasa, mwaka huu, waliotengeneza Velodra wameitoa upya. Wameisafisha picha hata unaona kila jani kando ya barabara, wameongeza hali ya hewa, na menyu zake zipo katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa kimesahauliwa kwa heshima zote. Ukibonyeza kitufe kimoja, picha inageuka kuwa ile ya zamani, yenye magari ya pembepembe kama yaliyokatwa kwa shoka. Fuad, anayesoma chuo Mombasa, alikuja nayo nyumbani pamoja na mashine yake, nami nilikuwa nimefunga shule. Nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni huko juu milimani, ambako muhula uliopita niliandaa mazishi ya kipande cha sabuni cha mwenzangu, pamoja na wasifu wa marehemu, aliyepungua polepole mikononi mwa marafiki. Nilipewa adhabu ya kufyeka. Nayataja haya ili mjue mnasomewa na nani.

Tulimletea Baba gemu hiyo kwa sababu ya mkono.

Mwanzoni mwa mwaka Baba alipata kiharusi, kidogo, walivyosema hospitalini, ingawa kidogo hicho kilitosha kumshusha kwenye lori. Mdomo ulirudi sawa. Mguu ulirudi. Mkono wa kulia ulibaki mzito, vidole vinachelewa kama wanafunzi wa kutwa. Daktari wa mazoezi alimpa mpira laini wa kuminya asubuhi na jioni. Baba aliuminya mwezi wa kwanza, kisha akaanza kuusahau.

Kwetu tunakula pamoja, sinia moja, kwa mkono wa kulia. Ule mkono ulipokuwa unapeleka tonge, wali ulianguka njiani. Mama alileta kijiko, kijiko nacho kikatetemeka. Mkono wa kushoto hakuutaka, wala hakuna aliyeweza kumlazimisha. Siku moja akasema hana njaa, atakula baadaye chumbani. Tangu siku hiyo Mama alikuwa anafunika sahani yake na kuipeleka, mlango unafungwa, na sisi tunakula tukisikiliza. Nikiwa shule, Mama hakuniambia. Nilirudi likizo nikakuta nafasi ya Baba kwenye sinia ina glasi ya maji.

Basi siku ya tangazo, baada ya Fuad kumshawishi kuhusu msalaba, gari lilitokea. Baba alilitambua. "Bibi Harusi," akasema polepole. "Hebu muone. Wamemuosha."

"Unataka picha mpya au ya zamani?"

"Weka ya zamani. Hii ina majani mengi mno, naona kama nimepotea."

Fuad akageuza. Baba akatabasamu upande mmoja, kidole gumba kikakaa kwenye gesi, na Bibi Harusi akaondoka. Alikimbia vizuri Maktau yote. Nilishuka kwenye stuli ili nione. Kona ya Mwatate ikaja, kidole hakikuondoka, na gari likaenda moja kwa moja ukutani.

Akaanza upya. Ukutani. Mara ya tatu alijaribu kuhamisha kidole kwenda kwenye breki, kidole kikachelewa, ukutani tena.

Fuad akacheka. Hakuwa na ubaya, ni kicheko cha kaka yeyote. "Simba wa lami amekuwa simba wa ukuta."

Baba akaiweka padi chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akautazama. "Umekwisha huu," akasema. "Nilikuwa najidanganya." Akaenda chumbani. Baadaye niliukuta mpira wa kuminya kwenye pipa la taka, nikautoa na kuuosha.

Fuad alirudi Mombasa, mashine akaiacha. Siku chache zilizofuata Baba hakuigusa. Alasiri moja, alipokwenda msikitini, nilikaa mbele ya televisheni na wazo lisilo la heshima. Nilitaka kujua ile njia maarufu ya vidole inampeleka mtu wapi. Nikaifuata kwenye menyu mpya: kukubali, chini, chini, kukubali. Mpangilio ulikuwa uleule wa zamani, ila sasa ulisomeka.

Nikasoma. Nikasoma tena.

Ule mstari ambao vijana wote wa Voi walikuwa wanauchagua kwa imani ulikuwa umeandikwa, kwa Kiingereza: dereva anayejifunza. Chini yake pana maelezo madogo: gari litafunga breki lenyewe kabla ya kona. Kwa lugha ya barabarani, lile ni gari lenye herufi L nyekundu mbele na nyuma. Kibanda kizima cha Kimeu, magwiji wote, walioshinda na walioinuka, walikuwa wanaendeshwa na mwalimu asiyeonekana. Na Baba, mtu asiyeachia gesi, hakuachia kwa sababu hakuwa na haja. Waliokuwa wanapunguza mwendo walikuwa wanafunga breki juu ya breki. Mkaidi ndiye aliyeshinda.

Siku ya kwanza Fuad alikuwa amempeleka moja kwa moja kwenye mbio za kawaida, bila mwalimu. Ndiyo maana ya ukuta.

Nilicheka peke yangu mpaka nikalala kwenye zulia. Halafu nikaacha kucheka. Nikawasha ule msaada, nikauhifadhi kwa jina la Baba, na nikarudisha picha ya zamani. Alipoingia nikamwambia, kwa ule uso niliotumia kwenye mazishi ya sabuni, "Baba, mashine imejisasisha. Fuad anasema siku ile ilikuwa na hitilafu."

"Hitilafu gani?"

"Ya matairi."

"Hata mimi nilihisi matairi," akasema Baba, na akaketi.

Maktau yote, gesi chini. Kona ya Mwatate ikaja. Kidole hakikuondoka. Bibi Harusi akajikunja kushoto kama aliyeitwa jina, akatoka upande wa pili, na Baba akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Haikuwa kicheko wala neno. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kuna nini, Baba Fuad?"

"Niko hapa," akasema Baba. "Mama Fuad, bado niko hapa."

Jioni ile alitoka chumbani na sahani yake, akaimimina kwenye sinia letu, akaketi. Wali ulianguka kidogo. Akauokota, akaendelea kumsimulia Mama juu ya mvulana wa Kasigau na pembetatu, hadithi ambayo Mama ameisikia kuliko taarifa ya habari. Mama alikuwa anacheka mahali pasipochekesha. Baada ya kunawa, Baba akaulizia mpira wake wa kuminya. Nikamletea. Niliona nimefanya jambo jema, hata nikaanza kujiandikia hotuba ya kupokea tuzo.

Likizo ikawa ya mambo ya zamani. Kila alasiri Baba alicheza, akanisimulia. Nilijua Kimeu alivyokuwa anapanga foleni ya zamu usiku kwa mwanga wa kibatari. Nilijua nyimbo za redio ya jirani, na kwamba Baba alimwona Mama mara ya kwanza akiwa anapita pale nje na ndoo, akagonga ukuta mara moja tu katika maisha yake ya kibanda, na akakana. Mama naye alikuwa anakana kwamba alipita. Tuliketi wote watatu mbele ya magari ya pembepembe, feni inazunguka, na nikawa najua kwamba hata haya nitayatamani siku moja.

Kisha siku moja nikamsikia Baba akizungumza na simu uani. Alikuwa anazungumza na Kitheka, mwenye malori, anayesafirisha mkonge kutoka Mwatate kwenda bandarini.

"Mkono umerudi," alikuwa anasema. "Nakuambia umerudi. Jumatatu niko kazini."

Alipoingia, Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule. "Daktari amesema lini?"

"Daktari haendeshi lori."

"Nimekuuliza amesema lini."

"Mwanatumu," Baba akamwita kwa jina, jambo analolifanya akiwa na furaha au hasira, na hapo alikuwa na vyote. "Ile kona inahitaji jicho na mkono kuliko barabara yoyote ya Kenya. Naikunja kila siku. Mtoto huyu ni shahidi. Nuha, naikunja au siikunji?"

Wote wawili wakanitazama.

"Unaikunja," nikasema.

Tangu hapo tuzo yangu ikaanza kuniwasha. Lori la mkonge limejaa ni refu kama darasa. Barabara ya Mombasa mnaijua. Nilijiambia nitamweleza baada ya chakula. Lakini kila chakula alikuwa ameketi pale, goti lake limegusa langu, anasukuma nyama upande wangu wa sinia akidhani sioni. Nikaahirisha mpaka kesho. Kesho nayo ilikuwa na chakula.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu akaja Anko Zephaniah.

Zephaniah ni Mdawida, Mtaita wa milimani Chawia, mzee wa kanisa, mkulima, na ndiye aliyekuwa wa pili kibandani miaka yote. Baba alimpigia simu kumwalika kwenye marudiano. Alishuka na gunia dogo la parachichi, miwani minene, na shati la Jumapili.

"Salaam aleikum, bingwa wa kuazima," akasema mlangoni.

"Aleikum salaam, mzee wa breki. Mke wako amekuruhusu?"

"Nimemwambia naenda kumwombea mgonjwa."

"Basi leo mgonjwa atakuzika."

Mama akaleta chai na mahamri. Mimi niliandaa mashine na padi mbili, nikiwa na mpango niliouona wa akili sana. Baba angepata mwalimu wake, Zephaniah asingepata. Zephaniah angegonga ukuta, Baba angeshinda, na mimi ningepata siku moja zaidi ya kufikiri. Zephaniah akachagua gari jeupe. "Daktari," akasema, akalipapasa kwa kidole kwenye kioo. "Nilikuwa naliota hili."

Mbio ya kwanza Zephaniah alijiua Kona ya Mwatate. Ya pili alijiua vizuri zaidi. Baba alikuwa anapiga goti kwa furaha.

"Inuka, Zefa. Sheria ni sheria."

"Kibanda kimevunjwa, na sheria zake. Nuha, mwanangu, picha hii ni ya kale mno, miwani yangu haioni mahali barabara inapoishia. Fuad aliniambia kwenye simu kuna mpya. Niwekee."

"Ile mpya ina majani mengi, Anko," nikasema haraka.

"Mimi ni mkulima. Majani hayanitishi."

Sikuwa na sababu nyingine. Nikabonyeza. Kioo kikang'aa, nyasi zikaota, na magari yakawa magari, yenye vioo, namba na taa. Nami sikuwa nimefikiria taa.

Mbio ya tatu Zephaniah alijifunza. Alianza kupunguza mapema, kwa woga ule wa zamani, na akapita kona bila kugonga ukuta, akiwa nyuma ya Baba. Alimfuata kwa karibu. Mzunguko uliofuata akafanya vilevile. Kisha akaacha kabisa kuendesha. Daktari akaenda taratibu mpaka kwenye nyasi akasimama, na Zephaniah akawa anaangalia kidole cha Baba, halafu kioo, halafu kidole.

"Rashid," akasema. "Gari lako linawasha taa za breki."

"Ni kona, kwa nini lisiwashe?"

"Kidole chako kiko kwenye gesi."

"Mimi siachii gesi, unanijua."

"Nakujua. Ndiyo nauliza. Nani anafunga breki?"

Baba akaendelea mpaka Kona ya Mwatate. Sasa alikuwa anatazama. Kidole gumba kimekandamiza gesi mpaka kucha imekuwa nyeupe, na mbele yake, kwenye picha safi isiyoficha kitu, taa mbili nyekundu nyuma ya Bibi Harusi zikawaka zenyewe, zikazimika zenyewe, gari likapita. Akaliacha litembee. Akageuka kunitazama. Zephaniah akanitazama. Mama, aliyekuwa mlangoni na birika, akanitazama.

Nilitafuta ule uso wa mazishi ya sabuni. Haukupatikana.

"Ni mimi," nikasema. "Kuna msaada. Gari linafunga breki lenyewe. Niliuwasha."

"Lini?" akauliza Baba.

"Alasiri ulipokwenda msikitini. Baada ya Fuad kuondoka. Hakukuwa na hitilafu ya matairi."

Baba alikuwa anautazama mkono wake tena, vilevile kama siku ya ukuta, na niliona anavyoondoka akiwa ameketi. Kwa hiyo nikasema na lililobaki, mbiombio, kabla hajainuka.

"Lakini hata zamani msaada ulikuwepo. Ile njia ya Kimeu, duara, chini, chini, duara, inakwenda kwa dereva anayejifunza. Nimeisoma. Wote mlikuwa mnasaidiwa. Kibanda kizima."

Zephaniah akavua miwani. "Rudia."

"Gari lilikuwa linafunga breki lenyewe, Anko. Wewe ulikuwa unafunga juu yake. Ndiyo maana ulikuwa unachelewa."

Mabega ya mzee wa kanisa yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akajifuta macho kwa shati la Jumapili. "Miaka yote nimeitwa mwoga," akasema. "Mpaka harusini kwangu walinitania. Kumbe kibanda kizima, dereva nilikuwa mimi peke yangu."

Baba hakucheka. "Siku ile nilipogonga ukuta," akaniambia polepole, "mkono ulichelewa. Nilihisi."

"Ulichelewa. Lakini ile kona hata kwa mkono mzima hungeipita, Baba. Hukuwahi kujifunza breki ya gemu ile. Si mkono uliokuangusha."

"Na siku hizi ninaposhinda?"

Hili ndilo lililokuwa gumu. "Si mkono unaokushindia," nikasema. "Gemu haijui lolote kuhusu mkono wako. Haijui kama umekwisha wala kama umerudi."

Mama akaweka birika chini. Akachukua simu ya Baba juu ya friji, akaiweka kwenye zulia mbele yake. Baba aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaishika, kwa mkono wa kulia, ikamponyoka, akaiokota kwa uleule, akabonyeza kimoja kimoja.

"Kitheka. Ndiyo. Sikiliza, Jumatatu usinitarajie. Nitakwenda kwa daktari kwanza, nimsikie yeye." Akasikiliza. "Hapana, sijazidiwa. Nilikuwa nimepewa habari zisizo sahihi."

Akakata simu. Zephaniah alikuwa amejishughulisha na parachichi, anazipapasa moja moja kama anayetafuta iliyoiva. Baba akanigeukia.

"Ulinisikia nikizungumza na huyu mtu. Nilikuuliza mbele ya mama yako, ukasema naikunja."

"Ndiyo."

"Ungeniacha nipande lori."

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Sikuulizi ulichotaka. Mzaha nauelewa, nimekuzaa mimi. Nauliza hii wiki nzima ya kunyamaza. Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu kadhaa yaliyoandaliwa, mengine yakiwa na vichwa vya habari. Nilisema lile lisiloandaliwa.

"Kwa sababu ungerudi chumbani na sahani yako," nikasema. "Niliogopa hilo kuliko lori. Nisamehe, Baba. Hapo sikuwa nafanya mzaha."